Maji ya Dakika Ishirini

Kwa miaka tisa sikutoka katika kisiwa cha Lamu, na kwa miaka hiyo yote watu walinisifu. Walisema mimi ni mwanamke aliyetulia. Wenzangu walivuka kwenda Mombasa kutafuta nguo za Idi, wakaenda Malindi arusini, wakaenda Pate kutizama jamaa. Mimi nilikuwa wa nyumbani, mtaa wa Mkomani, na wa shuleni ninakofundisha, basi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alinitolea mfano mbele ya binti zake. "Mtizameni mkaza mjomba wenu," aliwaambia. "Hana mguu wa ndia huyu, si mtu wa kuzurura."

Nami niliinamisha kichwa kama mtu anayeona haya kusifiwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa maji, na sifa zile zilikuwa pazia zuri la kujifichia.

Kisiwa chetu hakina daraja. Anayetaka kwenda bara hupanda boti hadi Mokowe, mwendo wa dakika ishirini, ndipo apande basi. Anayetaka ndege huvuka kwenda Manda, kwani uwanja uko huko, nako ni kisiwa kingine. Asiyeweza kutia mguu botini hana pa kutokea, hata awe na nauli ya kumfikisha Makka.

Sikuzaliwa hivyo. Nilipokuwa mtoto nilivuka kama watoto wote. Lililonipata lilinipata mtu mzima, nina binti wa miaka kumi na mitano, siku tuliyokwenda arusini Kizingitini, kisiwani Pate. Tulikuwa watu kumi na wanne, wengi wetu wanawake, na tulikuwa tumebeba sufuria kubwa za kupikia walizoazima kwetu wenye arusi. Mkondo wa Mkanda tuliupita tukiimba, mikoko huku na huku, maji yametulia kama ya birika. Tulipotokea kwenye uwazi kati ya Manda na Pate, injini ikazima.

Nahodha akavuta kamba. Akavuta tena. Akafungua kifuniko akatia mkono ndani, akautoa una mafuta, akatutizama, akarudisha macho kwenye injini. Boti ikageuka ikawapa mawimbi ubavu. Wimbi la kwanza lilitulowesha magoti tukacheka. La tatu lilijaza boti hadi vifundoni na hakucheka mtu. Tukachukua zile sufuria tukaanza kuchota maji, tukachota tangu adhuhuri hadi alasiri inakaribia, mpaka wavuvi wa kamba waliokuwa wakirudi Kizingitini wakatuona wakatuvuta. Binti yangu alichota muda wote huku akiongoza dua kwa sauti. Mimi nilichota kidogo, halafu mikono ikagoma. Nikakaa ndani ya maji nimeshika ubao, nimefumba macho, na bibi mmoja mzee akachukua sufuria yangu akaendelea nayo.

Hakufa mtu. Hakuumia mtu. Jioni ile arusini, kisa chetu kilikuwa kichekesho, na kila aliyekisimulia alikiongezea chumvi. Nilicheka pamoja nao. Hilo ndilo lililonifunga zaidi kuliko lile wimbi. Kama mtu angalikufa, ningalikuwa na haki ya kuogopa. Lakini wote tulishuka salama, watoto walicheza ngoma mpaka wakachoka, sasa mimi ningemwambia nani kwamba kila nikifumba macho nasikia maji yakipiga ubao? Kurudi nilirudi nimejifunika leso kichwa kizima kama maiti. Niliposhuka kwenye gati la Lamu nilijua moyoni kwamba sipandi tena.

Mwaka wa kwanza nilitoa visingizio vidogo. Mitihani ya watoto. Mgongo. Mama yangu mgonjwa, na kweli alikuwa mgonjwa, Mungu amrehemu. Baadaye sikuhitaji kisingizio, kwani watu waliacha kuniita. Nilijua boti za Mokowe zinavyokwenda kuliko wenye boti, kwa sababu nilikuwa nikizitizama kutoka darini kwetu, juu ya nyumba, nikianika nguo. Siku za mapumziko nilitembea. Nilikwenda Shela kwa miguu, nikafika nyumba zinapoishia, nikageuka. Nilikwenda Matondoni, ndia nzima ya mchanga na jua, nikafika penye maji, nikageuka. Kila upande niliofuata ulinirudisha nyumbani. Usiku mwingine niliona kuta za chumba changu, zile nene za mawe ambazo wageni hulipa kuja kuzipiga picha, nikaona zimekuja karibu kidogo.

Mume wangu alijua. Hakuniambia kwamba anajua. Mara moja tu, tukinywa chai, aliniuliza, "Wataka nikuulizie daktari?"

"Daktari wa nini?"

Akasukuma sahani ya mahamri upande wangu.

Binti yetu alipopata nafasi katika chuo cha uuguzi Mombasa, nilifunga mzigo wangu ubavuni mwa wake. Nilijiambia kwamba mama anayempeleka mwanawe hawezi kushindwa. Tulifika gatini asubuhi, mume wangu ametangulia na masanduku. Binti alishuka ngazi, akaingia botini, akaninyoshea mkono.

"Mama, ndoo," akaniita nije. "Panda."

Niliteremka ngazi mbili. Maji yalikuwa yakipiga jiwe la chini, pwa, pwa, na ulimi wangu ukakauka. "Tumbo limenikamata," nikasema.

"Tumbo?"

"Nendeni. Nitafuata kesho."

Alitizama mkono wangu uliokuwa umeshika chuma cha ngazi, vidole vimekuwa vyeupe. Alikuwa na miaka kumi na minane tu, lakini alielewa, nikaona anaelewa. "Haya mama," akasema. "Baba atanipeleka." Sikufuata kesho yake. Alipohitimu nilimtizama kwenye simu ya mume wangu, picha inakatika na kurudi, nimevaa nguo zangu nzuri sebuleni.

Katikati ya miaka hiyo shule ilitaka kunifanya naibu wa mwalimu mkuu. Ilibidi kwanza niende mafunzo ya wiki mbili bara. Nilimwambia mwalimu mkuu, "Apewe mwingine mwenye uwezo zaidi." Alinisihi, nikakataa, na wazee wa shule wakasema huyu mwalimu hana uroho wa vyeo. Nilikuwa nimesema vile ili nisivuke. Lakini neno ukilirudia sana hukaa. Baada ya muda nilianza kuamini kwamba kweli sina uwezo. Wanafunzi wangu waliposhinda nilisema ni werevu wao. Nyumba ilipopendeza nilisema ni mkono wa mama mkwe. Niliona kwamba mtu aliyeshindwa na dakika ishirini za maji hana lake la kudai popote.

Ndipo alipohamishiwa kwetu mwalimu mmoja kutoka Kisii, mwanamke Mkristo wa rika langu, mnene wa sauti, ambaye hakuwa ameona bahari kabla ya siku aliyopangiwa kazi Lamu. Alifika shuleni amelowa jasho. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuagiza soda, akaifungua mbele ya walimu wote, akasema, "Hii najinunulia mimi mwenyewe. Nimevuka bahari, watu wangu. Nimevuka!"

Tulitizamana. Kwetu mtu hajitii sifa kinywani. Ukifanikiwa unasema alhamdulillahi na unatizama huku na huku jicho lisikupate. Mwalimu mmoja alinong'ona, "Hata mbuzi huvuka." Nilicheka na wenzangu. Nilipofika nyumbani nikajiona mnafiki mkubwa.

Binti yangu aliolewa, arusi ikafanyika Lamu kwa bahati yangu, akarudi Mombasa na mumewe. Mwaka uliofuata akashika mimba. Ada yetu ni kwamba mimba ya kwanza mtoto hurudi kwa mamake kujifungua, na mimi nilikwisha kutayarisha chumba. Akanipigia simu mimba ikiwa ya mwezi wa saba.

"Daktari amenikataza safari, mama. Presha imepanda."

"Imepanda sana?"

"Si sana. Lakini basi na boti, amesema hapana. Usijali. Mama mkwe yupo."

Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliouma. Hakuniuliza kama nitakwenda. Alikuwa ameacha kuuliza zamani.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, nilimwendea yule mwalimu wa Kisii nikamwambia. Sikuwahi kumwambia mtu kwa maneno, na sijui kwa nini nilimchagua yeye. Labda kwa sababu hakuwa jamaa ya mtu yeyote mjini. Nilimweleza kuhusu sufuria, ngazi, na chuo. Nilingoja acheke.

"Miaka tisa?" akasema. "Na hakuna mtu anajua?"

"Mume wangu anajua."

"Na unataka kwenda lini?"

"Nina miezi miwili."

"Basi tuanze leo," akasema. "Mimi bado naogopa, lakini nimezoea kuogopa."

Tukawa tunakwenda gatini baada ya alasiri. Siku ya kwanza nilivaa nikabu, ambayo si kawaida yangu, ili nisijulikane. Niliteremka ngazi tatu nikarudi juu. Siku ya pili ngazi tano. Wiki iliyofuata mwenzangu alizungumza na nahodha mmoja mwenye boti iliyofungwa mchana kutwa, tukakaa ndani yake, haiendi popote, imefungwa kwa kamba mbili. Nilikaa kwa muda wa kusoma sura ya Yasini mara moja. Nguo ya ndani ililowa jasho kama niliyeogelea. Mwanamke mmoja aliyepita juu akatizama chini akasema, "Bi Mwalimu, wendapi?" Nikabu haikunisaidia kitu, alinijua kwa viatu.

"Nangoja mtu," nikajibu.

Zilipita siku ambazo sikuweza hata ngazi moja. Siku moja upepo ulikuwa mkali, boti zikigongana, nikalia pale juu ya gati mbele ya wapagazi, nikarudi nyumbani nikamwambia mwenzangu yamekwisha. Akaja kunigongea mlango siku ya pili yake kama kwamba sikusema neno.

Jumamosi moja asubuhi, bila kumwambia yeye wala mume wangu, nilitoka peke yangu. Nadhani sikutaka shahidi nikishindwa. Maji yalikuwa yamejaa, boti ya Mokowe ilikuwa imebakiza nafasi mbili. Nikateremka ngazi zote. Nahodha akanipa jaketi la rangi ya machungwa, nikalivaa, mikono ikanishinda kufunga, mama mmoja mwenye kapu la kuku akanifungia. Boti ikaondoka.

Sikumbuki mengi ya zile dakika. Nakumbuka mguu wa kuku uliokuwa ukichomoza kapuni, kwa sababu niliukazia macho toka mwanzo mpaka mwisho. Nakumbuka kwamba katikati, boti nyingine ilitupita kwa kasi, yetu ikainuka na kushuka, na sauti ikanitoka ambayo nilidhani imetoka kwa kuku. Halafu injini ikapunguza mwendo, watu wakasimama, na yule mama akaniambia, "Shuka, mwanangu, tumefika."

Nilisimama Mokowe nimeshika ukuta. Punda walikuwa wakipakiwa saruji. Makondakta walikuwa wakiita abiria wa Mombasa, na hakuna aliyejua kwamba jambo lolote limetokea. Nikampigia mume wangu.

"Niko Mokowe."

"Mokowe gani?"

"Mokowe, baba watoto. Ng'ambo."

"U na nani?"

"Peke yangu."

"Allahu akbar," akasema, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Nami mara moja nikamjibu, "Si kitu. Ni dakika ishirini. Hata watoto wa chekechea huvuka."

Nikakata simu nikafurahi kwa muda wa kunywa chupa ya maji. Kisha nikakumbuka kwamba nyumbani kuko upande wa pili.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kwa wiki zote zile niliwaza kwenda, sikuwaza kurudi. Kisiwani nilikuwa nimefungwa lakini nilikuwa na kitanda changu. Sasa nilikuwa nimefungwa Mokowe. Boti ikaja, ikajaa, ikaondoka. Ikaja nyingine. Nilikaa kwenye benchi la mwanamke anayeuza chai, akaniuzia vikombe vitatu bila kuniuliza. Cha nne akaniuliza, "Unangoja basi gani?" Nikamwambia sijui. Niliwaza kumpigia mume wangu aje anichukue, halafu nikaona: aje afanye nini? Hata akija, maji ni yale yale, na atakayekaa juu yake ni mimi. Karibu na saa tisa nikasimama. Nilirudi nimefumba macho, nimeshika ubao kwa mikono miwili, nikisoma kila nilichokihifadhi tangu chuo cha Kurani utotoni, na nikafika.

Jumatatu nilimwambia mwenzangu katika chumba cha walimu, kwa sauti ndogo.

Akapiga meza. "Umevuka? Umerudi? Peke yako?"

"Nilibahatika. Bahari ilikuwa shwari."

Akanitizama kwa hasira kabisa. "Mwalimu. Hiyo bahari ilikuwa shwari siku ngapi kwa hiyo miaka tisa?"

Nikaanza kupanga madaftari mezani.

"Siku nyingi sana," akasema. "Na hukuvuka. Sasa umevuka, unaipa bahari sifa. Bahari imefanya nini? Imelala tu hapo!"

"Kwetu si vizuri kujisifu," nikamwambia. "Ni kiburi. Tunamshukuru Mungu."

"Mshukuru. Mimi pia namshukuru. Lakini ukimaliza kumshukuru usiseme uongo juu yako."

Niliingia darasani nikafundisha hesabu za kutoa kwa kukopa, na neno lile likanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Usiseme uongo. Mimi nilidhani ni unyenyekevu. Kumbe tangu lini unyenyekevu wangu ulikuwa wa kweli? Ule wa kukataa cheo ulikuwa woga. Ule wa kutulia nyumbani ulikuwa woga. Watu walinisifu kwa nisichokifanya nikapokea, na siku nilipofanya jambo gumu kuliko yote ya maisha yangu nikalikana kabla halijakauka. Nilijaribu kusema kimya kimya, nikiwa nimewapa watoto mgongo ubaoni, "Nimevuka." Nikaona haya, kama niliyetukana.

Wiki tano baadaye nilivuka tena, na sanduku, mume wangu ubavuni. Safari ile nilitapika. Basi lilitufikisha Mombasa wakati wa magharibi, na siku ya nne binti yangu akajifungua mtoto wa kike, presha ikiwa imedhibitiwa, alhamdulillahi. Wanawake walikuja kumtizama mzazi. Mama mkwe wake, mtu mcheshi, akanikaribisha kitini akaniuliza mbele ya wote, kama inavyoulizwa kila mgeni, "Na safari ilikuwaje, bi mkubwa?"

Jibu lake linajulikana. Salama, alhamdulillahi. Lilikuwa limefika kinywani tayari.

"Ilikuwa ngumu," nikasema. "Nilikuwa naogopa maji. Miaka tisa sikupanda boti. Nilijifunza upya kama mtoto, miezi miwili, ngazi moja moja, ndiyo nikaja."

Bibi mmoja akacheka, "Mwamu kuogopa mai! Mtu wa Lamu na bahari yake! Haya ni maajabu," na wengine wakacheka naye. Uso ukaniwaka. Nilidhani kusema kweli kungenipa raha palepale, lakini nilitamani sakafu inimeze. Mama mkwe akabadilisha maneno, akaita uji uletwe.

Binti yangu alikuwa amelala upande wa ukutani, nikadhani amesinzia. Wageni walipotoka akageuka. "Nilikuwa nikijua, mama," akasema. "Toka siku ile ya ngazi."

"Najua ulijua."

"Nilidhani hunipendi vya kutosha kuvuka. Baadaye nikasomea hii kazi nikaona watu wanaotetemeka kwa sindano tu, wanaume wazima. Nikaacha kudhani." Akafuta macho kwa pembe ya leso. "Ngazi moja moja? Kweli?"

"Nyingine nilizirudia mara sita."

"Nionyeshe ulivyokuwa ukikaa botini."

Nikakaa kitako juu ya mkeka nimeshika hewa kwa mikono miwili, macho nimeyatoa, na akacheka mpaka akashika tumbo lenye maumivu akinisihi niache. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulieleza lile jambo nikijiona ndani yake mtu aliyefanya kitu, si mtu aliyepatikana na aibu.

Nilikaa naye hadi arobaini ikaisha. Tangu hapo nimevuka mara nyingi kidogo, likizo kwa likizo. Woga haukuondoka. Wiki moja kabla ya safari usingizi hukatika, na nikifika gatini ulimi hukauka vile vile. Mafunzo ya unaibu niliyaomba mwenyewe mwaka huu, kwa barua, na katika barua nikaandika kwamba nina uwezo wa kazi hiyo. Sentensi ile ilinichukua asubuhi nzima. Sijajibiwa bado.

Mwezi uliopita nilivuka peke yangu siku ya upepo mkali wa kusi. Maji yaliingia hadi vifundoni, watu wakapiga kelele, nami nikapiga. Nilipofika ng'ambo nikampigia mume wangu.

"Nimefika. Nimelowa mpaka kichwani, nimetapika mara mbili, na nimefika."

"Hongera," akasema.

Nilitizama maji, yalikuwa bado yanapanda na kushuka, meusi. "Ahsante," nikamwambia, nikafunga simu, nikaenda kutafuta basi.